Vipande Vinne vya Barafu

Ninaandika vitu ambavyo binadamu hasomi. Usinionee huruma, ndiyo kazi niliyoajiriwa. Zamani nilikuwa mwalimu wa Kiswahili sekondari. Koo likaniharibikia, nikaacha darasa, nikaenda kuwa karani kwenye kiwanda cha barafu huku Nyakato, Mwanza. Nilijiambia nitakaa mwaka mmoja tu huku najipanga. Miaka imepita na bado niko palepale.

Kiwanda kinauza barafu kwa wavuvi na wanunuzi wa samaki. Asubuhi simu zinaanza: huyu yuko mwalo fulani, pale boti zinaposhusha samaki, ana sangara, yule yuko kisiwani ana sato, na wote wanataka barafu iwafikie kabla mzigo haujaanza kunuka. Aliyekuwa akipokea simu zote hizo ni mama mmoja mtu mzima, aliyekaa pale dirishani tangu mimi niko shule ya msingi. Siku yangu ya kwanza nilifika bila chakula. Akanikatia nusu ya ugali wake wa muhogo bila kuniuliza kama ninaupenda. Mimi mtu wa Pasiansi niliyezoea sembe, nilikula najilazimisha. Mwezi haukuisha nikawa ninausubiri kwa hamu, na nilipomwamkia shikamoo asubuhi, ile marahaba mwanangu yake ndiyo iliyonifungulia siku.

Mume wake alikuwa amepigwa kiharusi. Alikuwa kwao, kwenye kisiwa kidogo mbele ya Ukerewe ambacho hakina hata zahanati, akitunzwa na wifi. Dawa zake, sabuni yake, uji wake, vyote vilitoka kwenye kile kiti cha dirishani. Kila Alhamisi mama alikwenda Kirumba, pale Mwaloni, akampa mwenye boti kifurushi cha kupeleka. Kiti kikiondoka, kifurushi nacho kimeondoka. Alijua yeye, nilijua mimi, na bosi pia alijua.

Ndipo akaja msaidizi. Tulimwita hivyo ofisini, lakini si mtu, ni programu ya akili mnemba inayopokea simu na kuongea Kiswahili kilichonyooka kuliko cha wengi wetu. Tatizo la msaidizi ni kwamba ana akili halafu hana pa kuzitumia mpaka apewe zana. Zana moja ya kuangalia barafu iliyopo, nyingine ya kuandika oda, nyingine ya kupanga boti. Na hajui zana yoyote inafanya nini mpaka mtu amwandikie ukurasa wake: kazi yake, itumike lini, isitumike lini, inataka kuambiwa nini, na ikigoma afanyeje. Bosi alitafuta mtu anayeweza kuandika sentensi isiyo na kona. Akanikuta nimekaa.

Mtaalamu aliyenifundisha alikuwa Dar, tulionana kwa video tu. Aliniambia niandike kama namwandikia mfanyakazi mpya mwenye akili kupita kiasi, ambaye hajawahi kuishi mahali popote. Nilicheka siku hiyo. Baadaye nikaona ndiyo kauli ya kweli kuliko zote alizosema.

Basi siku ile ya kutangaziwa habari za msaidizi, mama alikaa mikono mapajani. Mimi ndiye niliyefungua mdomo, maana kiherehere changu hakijawahi kupata dawa. Nikamuuliza bosi, na mama je? Bosi si mtu mbaya, na hilo ndilo linaloniudhi mpaka leo, kwamba sina hata mtu mbaya wa kumtupia lawama. Alisema mama haendi popote maadamu msaidizi bado anamhitaji. Zana zikimshinda, atampigia mama, mama atamjibu.

Nikaenda kuandika ukurasa wa zana hiyo. Niliipa jina Muulize Mama. Naona aibu kusema, lakini sijawahi kuandika kitu kwa furaha kama kile. Pale penye "itumike lini" nilimwaga yote: mteja akikasirika, muulize mama, mteja akitaja mahali usipopajua, muulize mama, ukiwa na shaka yoyote hata ndogo, muulize mama. Nilidhani ninamjengea ukuta.

Wiki za mwanzo simu yake ilipumzika kwa nadra. Msaidizi alimpigia kwa kila jambo, na mama alimjibu kwa upole uleule aliowajibia wavuvi, mpaka akawa anamuuliza umeamkaje. Lakini bosi alikuwa ameweka utaratibu. Kila Ijumaa nilipewa orodha ya yote ambayo msaidizi alimuuliza mama wiki hiyo. Kazi yangu ilikuwa kukaa na mama, kumuuliza kwa nini alijibu vile, kisha kuandika sababu hiyo kwenye kurasa ili msaidizi asihitaji kuuliza tena. Ukuta nilioujenga Jumatatu niliubomoa Ijumaa, tofali moja moja, tena kwa mwandiko mzuri.

Alijua mengi yule mama. Alijua kambi ya wavuvi ambayo watu wake ni Wasabato, kwa hiyo Jumamosi usiwapigie hata barafu ikiwa inayeyuka. Alijua kwamba mteja wa siku zote akianza kwa kuuliza bei anayoijua, basi mashine ya boti yake imekufa na anaona haya kusema. Huyo mtajie bei, kisha muulize habari za mashine, ataeleza mwenyewe na utampelekea boti ya kwetu. Nilimuuliza amejulia wapi. Akasema amejulia hapo hapo, kwenye kiti.

Ijumaa moja nilishindwa kuvumilia. Nikafunga daftari nikamwambia asimwage yote, abakize akiba. Alinitazama kwa mshangao wa kweli.

"Mwanangu, mtu akikuuliza njia humwonyeshi nusu."

Nilimjibu kwamba huyu si mtu. Akasema anayepiga simu upande wa pili ni mtu.

Basi nikaamua kubakiza akiba mimi. Hapa ndipo ninapopaswa kueleza jambo la vipande vinne.

Nilipokuwa mgeni kiwandani, alipiga simu mnunuzi mmoja ambaye kwa kawaida alichukua vipande arobaini. Nilikuwa nimekaa karibu, nikasikia anaomba vinne. Mama hakumuuliza kitu. Alisema "vinakuja," akaweka simu chini, akainuka mwenyewe, mtu wa magoti mabovu, akashuka mpaka kwenye vyumba vya barafu. Nilimfuata. Alichagua vipande vinne visivyo na ufa, akavizungushia magunia, akavifukia kwenye maranda ya mbao kwa mikono yake huku akiyashindilia kila upande, akasimama pale mpaka gari lilipoondoka kwenda ziwani. Nikamuuliza kwa nini anahangaika na oda ndogo vile. Aliniangalia kama anamwangalia mtu aliyekosa malezi. Akaniambia kwa sauti ya chini kwamba visiwani hakuna chumba cha maiti, na ndugu wanatoka mbali. Kipande kimoja kichwani, kimoja miguuni, viwili ubavuni. Mtu hawezi kulitamka hilo kwenye simu ya biashara, kwa hiyo anasema vinne, na wewe unaelewa.

Watu wote wa kambi wanalijua. Msaidizi hakulijua, na mimi sikumwandikia. Kila Ijumaa nilipitisha kalamu juu yake nikajifanya hamnazo. Hesabu yangu ilikuwa hivi: siku simu hiyo ikija, msaidizi atakwama, atampigia mama, mama atainuka na magoti yake, na bosi ataona kwa macho yake kwamba kuna jambo lisiloandikika. Kiti kitabaki. Nilijiona mjanja kweli.

Nilisahau jambo moja ambalo mwandishi wa maelekezo hapaswi kulisahau. Msaidizi haombi msaada kama hajui kwamba amekwama. Na hakukwama, maana ukurasa wa kuandika oda nilikuwa nimeuandika vizuri mno. Oda inaanzia vipande kumi. Mteja akiomba pungufu, mwombe kwa heshima aongeze. Uliza aina ya samaki; mteja asipotaja, rudia swali kwa upole. Hayo ni maneno yangu, hakuna aliyeniongezea hata nukta.

Simu ilikuja Jumanne asubuhi. Mama alikuwa kwenye kiti chake anakunywa uji, simu yake iko kimya mezani. Mazungumzo niliyasoma baadaye kwenye kumbukumbu za mfumo, na nayajua kwa moyo.

"Nataka vipande vinne."

"Karibu sana. Oda zetu zinaanzia vipande kumi. Ungependa kuongeza?"

"Vinne vinatosha."

"Nimekuelewa. Ni kwa ajili ya samaki gani, sato au sangara?"

Hapo mfumo umeandika kwamba mteja alikaa kimya. Msaidizi akarudia swali kwa upole, kama nilivyomfundisha.

"Siyo samaki," yule mtu akasema.

"Samahani, ninahitaji aina ya samaki ili nikamilishe oda yako."

Simu ikakatika. Msaidizi aliandika kwamba mteja hakukamilisha taarifa, akaendelea na simu nyingine.

Alhamisi mama alikwenda Mwaloni na kifurushi chake kama kawaida, na huko ndiko mwenye boti alikompa habari. Yule mtu alifiwa na mke. Mama mzazi wa marehemu alikuwa njiani anatoka Geita, na walikuwa wameahidiana kumsubiri amwone mwanawe. Barafu haikufika, na jua la ziwani unalijua. Walimzika siku ileile. Mama mtu alifika kesho yake asubuhi, akakuta udongo.

Mama aliingia ofisini na kitenge chake begani, hakukaa. Alikuja mpaka mezani kwangu.

"Ulijua hili halijaandikwa?"

Nikaanza kueleza habari za mfumo, kwamba mfumo huu bado unajifunza, kwamba mfumo una sehemu zake.

"Nakuuliza wewe. Mfumo sijauuliza."

Nikamwambia nilijua. Nikamwambia niliacha makusudi, kwa ajili yake, ili kibaki kitu kimoja ambacho ni yeye tu anakiweza. Nilikuwa nalia, na kusema kweli nililia kwa kujionea huruma zaidi kuliko kwa ajili ya yule mwanamke aliyekuta udongo. Mama alinisubiri nimalize. Nilitamani anipige kibao. Kwetu mzazi akikupiga ujue bado anakuhesabu mwanawe.

"Unanilindia kiti kwa maiti za watu?" alisema. Kisha akavuta kiti cha wageni, akakaa, akaonyesha kompyuta. "Andika."

Nilimkatalia. Nilimwambia hii ndiyo ya mwisho, akinipa hii hana tena kitu. Akasema anajua ni ya mwisho, yeye ndiye aliyekuwa nayo. Akaanza kutamka, nami nikaandika, na sikubadilisha neno:

Mteja akiomba vipande vinne, usimuulize samaki. Usimwambie aongeze. Usitaje bei. Usimpe pole, kwa sababu hajakuambia kitu. Sema: vinakuja. Viweke kwenye boti ya kwanza kuondoka, hata kama ilishapangiwa mzigo mwingine. Baada ya hapo usimpigie mpaka apige yeye.

Niliusoma kwa sauti. Akatikisa kichwa kukubali, akainuka akaenda kunywa maji.

Mtaalamu wa Dar aliusifia ukurasa ule kupita kiasi. Alisema hajawahi kuona maelekezo safi namna hiyo, yasiyo na neno la ziada, na akaomba ruhusa awaonyeshe wengine anaowafundisha. Nilimshukuru. Ungefanyaje? Kusifiwa kwa kosa lako si kitu unachoweza kumweleza mtu kwa video.

Baada ya hapo orodha za Ijumaa zikawa fupi, kisha zikawa tupu. Ijumaa ya tatu iliyokuja tupu bosi alikaa nayo mkononi muda mrefu. Mwisho wa mwezi tulimuaga mama kwa soda na keki, akapewa chupa ya chai yenye maua na saa ya ukutani. Bosi alitoa hotuba, ikamshinda katikati, na sidhani kama alikuwa anaigiza. Mama aliondoka na mto wake wa kukalia kwapani. Mchana huo niliambiwa niufute ukurasa wa Muulize Mama, kwa sababu zana isiyo na mtu upande wa pili inamchanganya msaidizi. Niliufuta. Nina watoto na mimi, na sikuwa na ujasiri wa kufanya lingine. Aliye juu mngoje chini, husema watu. Mimi sikuwa juu wala chini, nilikuwa palepale mezani.

Alirudi kisiwani kwa mumewe. Mwanzoni tulipigiana, kisha tukawa tunatumiana salamu tu, kisha hata salamu zikawa za mara mojamoja. Sikumuuliza dawa zinapatikanaje. Niliogopa jibu.

Sasa hivi kurasa za mwanzo anaandika msaidizi mwenyewe. Mimi ninazisoma tu na kurekebisha pale anapoteleza, na hatelezi sana. Ninajua hesabu hiyo inaelekea wapi. Nimeshaifanya mara moja kwa mtu mwingine.

Asubuhi moja nilikuwa napitia kumbukumbu za simu za jana yake, kazi ya kuchosha, nikaona namba ninayoijua. Mazungumzo yalikuwa mafupi.

"Naomba vipande vinne."

"Vinakuja, mama. Boti ya kwanza."

Akataja mwalo wa kisiwa chao, akashukuru. Basi.

Nilishika simu nimpigie. Kisha nikakumbuka maneno aliyonitamkia mwenyewe, kwamba usimpigie mpaka apige yeye. Nikaiweka chini. Niliomba ruhusa, nikaenda Mwaloni nilivyo, na sare ya kazi, nikapata boti ya jioni, nikashuka kisiwani kabla giza halijaingia. Njia nzima nilikuwa nashukuru, nasema kweli, nilimshukuru Mungu kwamba safari hii ukurasa ulifanya kazi.

Nilikuta kaburi la mumewe. Udongo ulikuwa bado mbichi na watu wamekaa pembeni kwenye mikeka. Mama alikuwa ndani na wanawake. Nilimwamkia, akaitikia, akanisogezea nafasi mkekani kama alivyonisogezea ugali siku ile. Nilimuuliza kwa kunong'ona kwa nini hawakusubiri, maana pale nje nilisikia watu wakisema binti yao mkubwa yuko njiani kutoka Dar.

Akaniambia barafu ilikuja. Ilikuja haraka, boti ya kwanza, wala hakuulizwa kitu chochote, na alipoisikia ile sauti ikisema vinakuja alijua kwamba niliandika vizuri. Lakini boti ya kwanza ilikuwa ya abiria, haina sanduku la barafu. Vipande viliwekwa hivyo hivyo juu ya mbao, juani. Vilivyofika vilikuwa vya kutosha kupozea soda.

"Maranda," alisema. "Na magunia. Sikukutamkia maranda. Mikono ilikuwa inaenda yenyewe, sikujua kama nalo ni jambo la kusema."

Alilitamka kama anayeniomba radhi, yeye aniombe mimi. Nami nilikuwa nimeyaona yale maranda kwa macho yangu siku ile ya vipande vinne vya mnunuzi. Niliona anavyoyashindilia kila upande. Siku ya kuandika niliandika alichosema tu, sikuandika nilichoona.

Nje mtu mmoja alikuwa anaeleza kwamba boti ya kutoka Mwanza itafika asubuhi na binti atakuwa ndani. Mama alisikia. Alifunga vizuri kitenge chake kiunoni, akaniangalia.

"Ukirudi ofisini," aliniambia, "kaandike."